Barua Isiyodai Kitu

Mtoto akiingia nyumbani na karatasi ya shule, swali la kwanza huwa lile lile: "Wanataka shilingi ngapi tena?" Karatasi yenyewe haijafunguliwa bado. Walimu wengi hulichukulia swali hilo kuwa dalili ya mzazi asiyethamini elimu. Mimi naona mzazi huyo ana kumbukumbu nzuri. Kwa miaka mingi karatasi za shule zimemfikia kwa sababu mbili: kuna mchango unaodaiwa, au mtoto amefanya kosa na mzazi anatakiwa afike ofisini bila kukosa. Hajawahi kupokea barua ya kumwambia kwamba wiki hii mwanawe ameweza kugawanya kwa njia ndefu. Kwa nini basi aitarajie?

Ukikaa na walimu wakuu, malalamiko yao yanafanana kutoka kata hadi kata. Wazazi hawaji vikaoni. Wakija wanachelewa. Hawakagui madaftari, hawaulizi, wameiachia shule kila kitu. Ukikaa na wazazi, nao wana yao: tunaitwa ili tudaiwe, tunasemeshwa kama watoto, na mtoto anafika darasa la saba ndipo tunaambiwa hajui kusoma. Pande zote mbili zinasema kweli. Lakini lawama hazilingani, kwa sababu mwenye taarifa ni mmoja. Mwalimu ndiye anayejua kilichofundishwa, nani amekielewa, nani amekosa shule siku ngapi. Mzazi anajua tu kwamba mtoto aliondoka asubuhi akiwa na sare na akarudi akiwa na njaa. Mwenye taarifa ndiye anayepaswa kuanza kusema.

Kilichoharibu mazungumzo haya ni fedha. Ada ya shule za msingi za Tanzania ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM ulioanza 2002. Ada ikaondoka, michango ikabaki ikizaliana: ya mlinzi, ya madawati, ya maji, ya mitihani ya majaribio, ya masomo ya ziada. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukaja kuondoa ada na michango hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Michango ikajipenyeza tena, na Januari 2018 Rais Magufuli akaipiga marufuku kwa kauli isiyoacha mwanya. Nia ilikuwa njema, na familia nyingi zilipumua. Ila katika shule ninazozifahamu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelikusudia: mwalimu mkuu aliyekuwa hajawahi kuwaita wazazi kwa jambo lingine akajikuta hana cha kuwaitia. Vikao vikapungua. Wengine waliogopa hata kuandika barua, isije ikasomwa kwa mkurugenzi kuwa ni ya kudai. Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula shuleni, na mzazi akaitwa upya: debe la mahindi, kilo za maharage, au pesa badala yake.

Sisemi wazazi wasichangie chakula. Mtoto aliyeshinda na njaa hafundishiki, na uji wa saa nne umeokoa madarasa mengi. Ninachosema ni kwamba mazungumzo ya mtoto na mazungumzo ya michango yamekaa kwenye karatasi moja, kikao kimoja na kinywa kimoja kwa muda mrefu mno, hata mzazi hawezi tena kuyatofautisha. Shule inayotaka kusikilizwa ianze kuyatenganisha. Kisha ihakikishe kwamba kila inapomzungumzia mtoto, mzazi anapata jambo la kufanyia kazi na nafasi ya kujibu.

Tuanze na kikao cha wazazi, maana ndicho kinachoheshimiwa kuliko vyote na ndicho kinachopoteza muda kuliko vyote. Barua inasema saa tatu asubuhi. Kikao kinaanza saa tano, baada ya diwani kufika. Meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa; wazazi wako chini ya mwembe, wengine kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamegusa videvu. Kunafunguliwa kwa sala. Unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, kisha yatokanayo. Inakuja taarifa ya taaluma: shule imekuwa ya ngapi kikata, ufaulu umepanda kutoka asilimia hii hadi ile. Inafuata taarifa ya mapato na matumizi. Halafu nasaha za mgeni rasmi, ambazo kwa kawaida ni lawama kwa wazazi waliohudhuria kuhusu wazazi ambao hawakuhudhuria. Mzazi wa kawaida anapata nafasi ya kusema kwenye "mengineyo", saa nane mchana, wakati nusu ya akina mama wamekwisha kuondoka kwa sababu genge halina mtu.

Katika saa zote hizo hakuna mtoto hata mmoja aliyetajwa. Kikao chenyewe hasa huanza kikishafungwa, pale wazazi wachache wanapojipanga mlangoni kwa mwalimu wa darasa kuuliza, "Mwalimu, na wangu je?" Foleni hiyo ndiyo iliyowatoa nyumbani. Basi shule iigeuze siku. Wazazi wakifika, waende moja kwa moja darasani kwa mtoto, wakae na mwalimu wa darasa, madaftari yakiwa juu ya meza, kwa saa nzima. Baada ya hapo ndipo wakutane wote uwanjani kwa nusu saa ya mambo ya jumla. Diwani akichelewa atawakuta huko. Nimeona shule moja ikifanya hivyo, na kilichonishangaza si wingi wa wazazi, ni kwamba akina baba walikuja. Mwanaume anayesema hana muda wa kusikiliza hotuba aliketi kwenye dawati akafungua daftari la Hisabati, akalikagua ukurasa kwa ukurasa kama anakagua mzigo.

Wapo watakaosema wazazi wetu hawajazoea kukaa vikundi vidogo na kujadili. Historia inawakatalia. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi na kijitabu cha kufuata. Walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaamua wao wenyewe cha kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Wengi wa watu hao hawakuwa wasomi. Waliweza kwa sababu walipewa jambo moja kwa wakati mmoja, linalohusu nyumba zao, na wakaachiwa nafasi ya kuamua. Ukilinganisha na kikao cha shule cha leo, chenye ajenda tisa na uamuzi uliokwisha kufanywa ofisini, utaona tulirudi nyuma bila kulazimishwa na mtu.

Kitu cha pili ni ripoti ya mwisho wa muhula, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua ripoti ya mtoto wa darasa la nne. Kiswahili 52. Hisabati 34. Kiingereza 29. Wastani huu, daraja hili. Nafasi: wa 61 kati ya 118. Maoni ya mwalimu wa darasa: "Aongeze bidii." Maoni ya mwalimu mkuu: "Aongeze bidii zaidi." Muhuri. Tarehe ya kufungua shule. Na chini kabisa, kwa herufi nene, michango ambayo haijakamilika.

Mama anaifanyia nini karatasi hii? Anaweza kufurahi au kukasirika, basi. Hajui kama 34 ya Hisabati ni mtoto asiyejua kuzidisha, au anayejua kuzidisha lakini hawezi kusoma swali lililoandikwa kwa maneno, au aliyeugua malaria wiki ya mtihani. Kila moja kati ya hayo matatu ina dawa yake. Nafasi ya 61 ndiyo inayosaidia kidogo kuliko zote, maana inamweleza habari za watoto 60 waliomtangulia. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora na watahiniwa bora wakati wa kutoa matokeo. Shuleni, hata hivyo, tunaendelea kuwapanga watoto wa miaka 9 kwa namba na kuwasomea hadharani nani wa mwisho.

Jirani zetu wa Malawi wametuachia ushahidi mzuri. Mchumi Rebecca Dizon-Ross alifanya utafiti huko, ukachapishwa mwaka 2019 katika American Economic Review. Aliwauliza wazazi watoto wao wako wapi kimasomo, akalinganisha majibu na alama halisi za shule. Majibu yalikuwa mbali na ukweli, na wazazi maskini zaidi ndio walikuwa mbali zaidi, ingawa walikuwa na uchungu wa elimu kama wengine. Kisha baadhi yao wakapewa alama hizo hizo za shule kwa namna rahisi, na kuelezwa ana kwa ana maana yake. Wazazi walibadili maamuzi. Walipopewa nafasi ya kuchagua vitabu vya mazoezi, walichagua vinavyolingana na uwezo halisi wa mtoto, si ule waliokuwa wakiudhania. Kabla ya hapo walikuwa wakitumia kidogo walichonacho mahali pasipofaa.

Sisi tunayo karatasi moja ambayo imekwisha kulitatua tatizo hili, nayo iko kwenye mkoba wa kila mama: kadi ya kliniki. Mama asiyejua kusoma anajua mtoto akiwa kwenye kijani yuko salama, akishuka kwenye kijivu anahitaji kuangaliwa, akiingia kwenye nyekundu kuna hatari. Muuguzi hamwambii kwamba mtoto wake ni wa 61 kwa uzito kati ya watoto 118 waliopimwa leo. Anamwonyesha mstari unakoelekea, anamwambia aongeze nini kwenye uji, na kumpa tarehe ya kurudi. Ripoti ya shule ingefuata njia hiyo ingeandikwa hivi: anasoma maneno na sentensi fupi, aya nzima bado inamshinda, anajumlisha na kutoa vizuri, kuzidisha anaweza hadi jedwali la tano, amekosa shule siku 11 muhula huu, nyingi zikiwa Ijumaa, akiwa nyumbani akusomee kwa sauti ukurasa mmoja kila jioni, hata kama wewe husomi, umsikilize kama anakwama. Mistari minne. Mwalimu wa darasa anayajua yote haya. Hajaulizwa kuyaandika, ndiyo maana hayaandiki.

Hizo siku 11, hasa, zisikose kamwe. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti Todd Rogers na Avi Feller walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusisha kaya zaidi ya 28,000. Barua chache tu za posta, zikimweleza mzazi jumla ya siku ambazo mwanawe hakwenda shule, zilipunguza utoro sugu kwa asilimia 10 au zaidi. Wazazi hawakuwa wanaficha kitu. Walikuwa hawajumlishi. Siku moja ya mvua, siku moja ya msiba, siku moja ya kumpeleka mdogo wake hospitali. Kila moja ina sababu yake na hakuna anayeziweka pamoja. Anayeziweka pamoja ni rejesta, nayo inakaa ofisini. Kwetu rejesta hiyo hutoka ofisini siku mtendaji wa kata anapomtafuta mzazi wa mtoro ili amtoze faini. Taarifa iliyofaa kufika siku ya tatu inafika mwezi wa tatu, tena imefuatana na mgambo.

Kwenye sekondari kuna la ziada. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia, na maoni ya mwalimu kwa Kiingereza pia. Anayemtafsiria mzazi ni mtoto mwenyewe. Sitaeleza matokeo yake. Kila aliyesoma sekondari za nchi hii anayajua.

Sasa nionye kidogo, kwa sababu watu wa miradi wakisikia habari za Malawi hudhani taarifa peke yake inatosha. Haitoshi. Kuanzia 2010 mpango wa Uwezo ulikuwa ukipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kuwapima watoto kusoma na kuhesabu, na kumwambia mzazi papo hapo mtoto wake amefika wapi. Ilikuwa kazi kubwa, na ndiyo iliyotufumbua macho kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Lakini watafiti Lieberman, Posner na Tsai walipofuatilia vijiji vya Kenya vilivyopimwa, wakachapisha mwaka 2014, hawakuona tofauti kubwa katika matendo ya wazazi walioambiwa na wasioambiwa. Mzazi alijua, akashika tama. Hata ushauri alioachiwa kuhusu la kufanya haukutosha, na huenda wengine hawakuamini kwamba mtu kama wao anaweza kuingia ofisi ya mwalimu mkuu na kuuliza. Taarifa isiyo na mlango wa kujibia huzaa huzuni tu, na baada ya huzuni ni mazoea.

Mlango huo, kwa wazazi wengi, ni simu. Si simu janja. Ninasisitiza kwa sababu shule nyingi zimekimbilia makundi ya WhatsApp na kudhani kazi imekwisha. Mwenye simu ya kitochi hayumo. Asiye na bando hayumo wiki hii. Aliyemo anakuta jumbe 140: tangazo la mahafali, picha za maua, salamu za Ijumaa, tangazo la mtu anayeuza viatu, wazazi wawili wanaogombana kuhusu basi la shule, na katikati yake, sentensi moja muhimu kuhusu mtihani. Mbaya zaidi ni picha ya matokeo ya darasa zima, majina na alama, iliyotumwa kwa watu 90. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na alama za mtoto ni taarifa zake binafsi. Hata kama sheria isingekuwepo, kumwanika mtoto wa mwenzio mbele ya mtaa si malezi. Kundi liwe la matangazo tu, la upande mmoja, na jambo la mtoto mmoja limfikie mzazi mmoja.

Ujumbe mfupi wa kawaida unaingia kwenye simu yoyote. Huu ni mfano: "Shikamoo mama. Mwanao hakuja shule J3, J4 na leo J5. Je, anaumwa? Nijibu, au nibipu nitapiga. Mwl wa darasa la 4." Una salamu, una tukio bila lawama, una swali, na una njia ya kujibu kwa asiye na salio. Linganisha na ule tuliouzoea: "Mzazi unatakiwa kufika shuleni haraka sana bila kukosa." Anayepokea huo anaacha biashara, anapanda bodaboda moyo ukimwenda mbio akidhani mtoto amevunjika mguu, na anakuta ameitwa kwa sababu ya soksi.

Lakini ujumbe nao una kikomo chake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, watafiti nchini Botswana walifuatilia familia zipatazo 4,500. Kundi moja lilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Kundi jingine lilitumiwa ujumbe huo huo, kisha mkufunzi akapiga simu ya kama dakika 20, akaongea na mzazi na mtoto pamoja. Waliopigiwa walipiga hatua inayoonekana. Walioishia kwenye ujumbe hawakupata kitu cha maana. Kilichofanya kazi ni sauti ya mtu anayeongea na mzazi na mtoto.

Ndiyo, mwalimu ana watoto 118. Hawezi kumpigia kila mzazi kila wiki, na anayempa agizo hilo hajawahi kusahihisha madaftari 118 kwa taa ya chemli. Lakini anaweza kupiga simu 3 Ijumaa mchana: moja kwa mzazi wa mtoto aliyekosa siku kadhaa, moja kwa wa mtoto aliyekwama, na moja kwa wa mtoto aliyefanya vizuri. Hiyo ya tatu ndiyo inayobadilisha mtaa. Mzazi aliyepigiwa na mwalimu ili aambiwe jambo jema atasimulia habari hiyo sokoni kwa mwezi mzima, na siku mwalimu huyo huyo atakapopiga kuhusu utoro, simu itapokelewa mara ya kwanza. Vocha isitoke mfukoni kwa mwalimu. Ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kiasi ni kidogo na hufika kwa vipande, lakini kamati ya shule inayoweza kuidhinisha chai ya wageni inaweza kuidhinisha na vocha.

Kuna jambo ambalo watafiti wa kigeni hawawezi kutuandikia, nalo ni adabu ya mazungumzo. Mwalimu wa miaka 25, ametoka chuo mwaka jana, anaketi nyuma ya meza. Mbele yake amesimama bibi wa miaka 63 aliyeitwa kwa sababu mjukuu amepigana. Mwalimu anaanza na "Wewe mzazi". Kikao kimekwisha hapo, hata kama kitaendelea nusu saa. Bibi atasema "ndiyo mwalimu" kwa kila kitu na hatarudi tena. Shikamoo haimpunguzii mwalimu mamlaka hata chembe. Kumpa mgeni kiti, kumuuliza habari za nyumbani, kumwita mama au baba au bibi, kisha ndipo kuingia kwenye jambo: haya yote tunayajua na tunayafanya kila mahali isipokuwa kwenye ofisi zenye muhuri.

Huyo bibi anatukumbusha jingine. Fomu ya usajili inauliza jina la baba na jina la mama. Baba yuko Geita kwenye machimbo, mama anafanya kazi za ndani Dar es Salaam, na namba zao mbili hazipatikani tangu mwaka juzi. Anayemwamsha mtoto, anayemfulia sare, anayepaswa kupokea ule ujumbe wa J5, hayumo kwenye fomu. Kila Januari mwalimu wa darasa angeuliza upya: mtoto anaishi na nani hasa? Namba gani inapatikana, na ya jirani ni ipi? Inapatikana saa ngapi? Anasoma mwenyewe au anasomewa? Anaongea Kiswahili kwa raha, au afadhali kiwepo Kisukuma, Kimaasai, Kigogo? Walimu wetu hupangiwa kazi mbali na kwao, na kuna vijiji ambako mwalimu na bibi hawaelewani bila mtu wa tatu. Mtu huyo asiwe mtoto mwenye kesi.

Katika shule nyingi sasa kuna UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu unaoundwa kwa madarasa, ambapo kila darasa lina wazazi wake wawakilishi. Ni chombo kizuri kikiachwa kifanye kazi yake. Mzazi mwakilishi anayekaa mtaa mmoja na wenzake atajua kabla ya mwalimu kwamba nyumba fulani ina mgonjwa na ndiyo maana mtoto haji. Nimeona pia kikigeuzwa kuwa tawi la kukusanya michango, na kikifika hapo kimekwisha. Kenya wametufundisha hatari ya upande wa pili. Mtaala wao wa umilisi, ulioanza nchi nzima 2019, ulimtaka mzazi ashiriki kwa karibu, na nia ilikuwa nzuri. Muda si mrefu wazazi walikuwa wakilalamika kwamba wanakesha wakitengeneza vifaa vya kazi ya mtoto na kutafuta mahali pa kuchapisha picha usiku. Kumshirikisha mzazi hakumaanishi kumhamishia kazi ya ualimu. Akimsikiliza mtoto akisoma, akamlaza mapema, akauliza swali moja, ametimiza.

Na fedha? Zisemwe, tena kwa uwazi kuliko sasa, lakini mahali pake. Kiasi cha ruzuku kilichoingia na kilichotumika kibandikwe kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali ambapo mtu anaweza kusoma bila kuomba ruhusa. Mchango wa chakula uwe na kikao chake, stakabadhi zake na daftari lake, na msimamizi awe mzazi aliyechaguliwa na wenzake. Mtoto asitumwe kudai, asirudishwe nyumbani, asisimamishwe mbele ya mstari asubuhi kwa deni la mama yake. Deni ni la mtu mzima.

Mwalimu mkuu anayesoma maandishi haya hahitaji mradi wala semina ili aanze. Muhula ujao, kabla hujaomba chochote, mwandikie kila mzazi barua fupi ya mistari minne kuhusu mtoto wake, isiyodai kitu. Wagawie kazi walimu wa madarasa, wape wiki mbili, usiweke muhuri wala namba ya kumbukumbu. Kisha ngoja uone wangapi watakuja kukuuliza kama kweli ni wewe uliyeiandika.

Nawe mzazi, usingoje barua hiyo. Nenda shuleni siku ya kawaida, si siku ya kikao, saa ya mapumziko, umwone mwalimu wa darasa. Msalimie, jitambulishe kwa jina la mtoto, muulize mambo matatu: mwanangu ameweza nini ambacho mwezi uliopita hakuweza, anakwama wapi, na mimi jioni nifanye nini. Akikujibu kwamba anaendelea vizuri, mwombe kwa adabu daftari la Hisabati, mlifungue wote wawili.